Ijumaa Wadi Liliposhuka Ansab

Mvua ya mawe ile ilianza kwa kuua. Ilitupiga Alhamisi mchana, tumekaa kitako na dada yangu Masouda tunashona kofia, na jambo la kwanza tulilosikia ni kuku wanapiga makelele uani kama wanaochinjwa. Tulipofungua mlango tukaona mawe ya barafu yanashuka makubwa kama kungumanga, yanadunda juu ya udongo, na jogoo wetu amelala ubavu, kichwa kimepasuka. Mbuzi mmoja alikuwa akivuja damu sikioni. Mlimau aliokuwa akiubembeleza ami yetu tangu mwaka juzi ulibaki vijiti. Kahawa haikuwahi hata kuchemka jikoni, ua wote umekwisha kuwa mweupe.

Wanaokaa juu ya Jabal Akhdar husema baridi ikizidi huona theluji. Sisi wa Ansab, chini huku karibu na Maskati, Januari ile ya mwaka sitini na nane tuliona hayo mawe tu, na yalitutosha. Amur, mtoto wa dada yangu, alijifunika sinia kichwani akatoka kuyaokota kwa bakuli, anacheka, sinia linalia ngangangang. Mama yake alimwita mara moja. Mtoto akarudi mbio na bakuli lake, tukamiminia sharubati juu ya yale mawe, tukala kwa vijiko huku meno yanagongana. Usiku tulilala wote watatu chini ya blanketi moja.

Nikuelezeni dada yangu alikuwaje, maana watu wamemsema sana, na wengi wao hawamjui hata kwa sura. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mkono mwepesi wa sindano. Kofia yake moja ilivaliwa na kadhi. Alipenda chai ya tangawizi iliyokolea mpaka inachoma, na alichukia kuulizwa habari zake. Alikuwa na mtoto mmoja duniani, na mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka minane. Mengine yote ya dunia kwake yalikuwa mapambo.

Hakuwa na mtoto mmoja tu tangu mwanzo. Kwetu ni Unguja, shamba. Asubuhi moja ya Januari, mwaka sitini na nne, watu wenye mapanga na bunduki waliingia nyumbani mwake. Mumewe, Thabit, walimmaliza mlangoni. Muhsina, binti yake mkubwa, alikimbilia uvunguni mwa kitanda na humo humo wakamfuata. Masouda alikuwa ametoka uani na Amur mgongoni. Aliposikia bunduki alijitupa kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya migomba, akamlaza mtoto chini yake, akamziba mdomo kwa kiganja. Aliyasikia yote kutoka humo. Wakaondoka watu wale, naye akabaki mtaroni mpaka mimi na mama mmoja wa jirani tulipokwenda kumtoa. Amur alikuwa amekwishaanza kubadilika rangi, kwa jinsi alivyombana.

Kuanzia siku ile dada yangu alikuwa na elimu moja tu aliyoiamini: nyumba inaua, shimo linaokoa. Alilala na mundu wa kukatia majani ya mbuzi chini ya godoro, na mchana aliuchomeka kibindoni. Nilipomwambia aache mambo hayo, sasa tuko kwa watu wetu, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

Watu wetu wenyewe, basi, walikuwa ami Marhoon, ndugu wa marehemu baba. Yeye aliwahi kukaa Pemba akiwa kijana, akarudi Oman zamani, na alitupokea mwishoni mwa mwaka sitini na tano tukiwa na fuko moja la nguo. Alitupa nyumba ya udongo ukingoni mwa wadi. Wadi, kwa asiyejua, ni mto usio na maji: njia pana ya changarawe na mawe inayoshuka kutoka milimani kuelekea baharini. Muda wote tuliokaa pale halikuwahi kupita tone. Tulianika nguo humo. Watoto walicheza humo. Chini ya ukingo palikuwa na mti mkubwa wa mghafu, mizizi yake imetokeza nje, na nyuma ya mizizi hiyo palikuwa na upango wa kumtosha mtu na mtoto wake. Masouda aliuona upango ule wiki ya kwanza. "Ukisikia bunduki," alimwambia Amur, "usinngoje mie. Hapa."

Bunduki zilikuwa zikilia, si kwamba hazikulia. Huko Oman kila mwanamume ana ya kwake, na harusini na siku ya Idi huzipiga hewani kwa furaha. Lakini ami alijua hali ya dada yangu, kwa hivyo alitwambia mapema, na Masouda alimpakata Amur akamziba masikio mpaka furaha yao ikaisha.

Mitende ya ami ilitunzwa na Bakhit. Alikuwa kijana mrefu, mweusi, mchekaji, anayeanza kucheka kabla hujafika mwisho wa maneno yako. Watu wa pale walimwita khadim, yaani mtumwa wa nyumba, mbele ya uso wake, naye akaitika. Nasema hivi na nnaona haya, kwa sababu aliyeongoza kumwita hivyo ni ami yangu. Mama yake, Bi Sayyida, aliletwa na jahazi akiwa kitoto kutoka upande wa Kilwa, akauzwa. Kila kitu walimnyang'anya ila Kiswahili chake, na hicho alimlisha mwanawe pamoja na maziwa. Kijiji kizima sisi tulikuwa na watu wawili wa kuzungumza nao lugha yetu tukacheka, nao ni hao.

Bi Sayyida ndiye aliyetufunza kuishi Oman: saa gani wanawake huteremka kuoga kwenye falaji, ule mfereji wa maji ya kijiji, vipi kuhifadhi samaki mkavu asiingie wadudu, nani wa kumwamkia na nani wa kumpita. Dada yangu alimwita mama, na hakumwita hivyo kwa adabu tu. Akiumwa kichwa alikwenda kujilaza mapajani mwake. Lakini Bakhit akiingia, Masouda aligeuka, asimpe mgongo.

"Dada, huyu mtu kakukosea nini?" nilimuuliza siku moja.

"Hajankosea."

"Sasa?"

"Sasa nini, Kheiria? Nshakwambia hajankosea."

Na Bakhit, maskini, alijifanya hamnazo. Alimbeba Amur mabegani akampandisha mtendeni, na Masouda chini ameshika kiuno, midomo imekauka, mpaka mtoto arudi ardhini.

Ijumaa asubuhi kulitulia kabisa. Sijapata kuona utulivu kama ule. Yale mawe yalikuwa yamelala vichochoroni na kwenye vivuli, meupe, yanayeyuka polepole, na hewa inakata pua. Ami alikuwa ameshuka mjini Matrah tangu Alhamisi kwenye shughuli za watu. Kwetu mbingu ilikuwa safi, ila juu milimani mawingu yalikuwa meusi kama sufuria. Niliweka bokoboko motoni, ngano na nyama ya yule mbuzi, ambaye ilibidi achinjwe. Masouda aliketi juani akishona, Amur amemlalia mguuni, anamsomea juzuu. Nilijisikia nna raha, na nikamwambia.

"Leo kama kwetu," nikasema.

"Kwetu hakuna baridi hii," akasema, lakini akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka muda mrefu.

Bunduki ya kwanza ililia mbali, huko juu linakotokea wadi.

Hapa lazima nikwambieni kitu ambacho hakuna aliyetwambia sisi. Mvua ikipiga milimani, wadi hushuka na maji yake hata kama chini jua linawaka, na hushuka kwa kasi isiyo na simile. Basi wa kijiji cha juu hupiga bunduki wanapoliona, wa kijiji kinachofuata wakazisikia nao wakapiga zao, hivyo hivyo mpaka pwani, ili kila aliyemo wadini atoke. Kwa Muomani yeyote jambo hili ni kama adhana, hata mtoto anayetambaa analijua. Na kwa kuwa kila mtu analijua, nani akumbuke kumwambia mgeni? Miaka yote ile tuliyokaa, ukame ulikuwa haujawapa sababu ya kulitaja.

Ya pili ikalia. Kisha tatu kwa pamoja, karibu zaidi. Masouda hakupiga kelele. Alisimama, kofia ikaanguka, akamkamata Amur mkono, na uso wake ukawa ule niliouona mtaroni.

"Dada, ngoja tuulize kwanza," nikasema, nikamshika nguo. Alinipiga kiwiko cha kifua nikaangukia mekoni, nikaungua kiganja. Nilipoinuka wamekwisha toka. Na mie, niseme kweli, moyo ulikuwa ushanipasuka; nilizisikia bunduki zile kama alivyozisikia yeye. Nikatoka mbio nyuma yao na upawa mkononi, tukateremka ukingo tukitambaa na kuteleza, mawe ya barafu yanatukata nyayo, hadi chini ya mghafu. Akamsukuma Amur ndani ya upango, akaingia, akamlalia. Mie nikajibanza nje kwenye mizizi, maana hapakuwa na nafasi.

"Mama, nnakosa pumzi," Amur alisema.

"Nyamaza."

Sasa zikawa zinapigwa kijijini kwetu hasa, juu ya vichwa vyetu, na watu wanakimbia na kuitana kwa Kiarabu. Upepo wa baridi ukatujia wadini, una harufu ya udongo na mizizi. Changarawe chini ya miguu yangu ilianza kutetemeka. Nilidhani ni miguu yangu.

Ndipo alipotokea Bakhit ukingoni, bunduki mkononi inafuka moshi, panga la mitendeni limening'inia kiunoni. Alikuwa ameiona kanga ya dada yangu. Akapiga ukelele kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kabisa:

"Tokeni! Tokeni humo! Bi Masouda, tokeni!"

Akaruka. Mimi nilikuwa wa kwanza kumfikia. Alinibeba kiunoni akanitupa juu ya ukingo kama gunia, nikaangukia uso. Nilipogeuka nilimwona amepiga magoti kwenye upango, ameingiza mkono, anamvuta Amur kwa mguu. Mtoto analia. Na Masouda alitoka humo na mundu.

Alimkata chini ya bega. Mundu ule tulikuwa tumeunoa juzi yake. Uliingia kama kwenye papai, ukakwama, akauvuta, damu ikamrukia Amur usoni. Bakhit alinguruma. Lakini mguu wa mtoto hakuuachia. Akapigwa tena, safari hii kwenye vidole, na hapo akageuza kitako cha bunduki akampiga dada yangu mdomoni, meno yakatoka. Hakumpiga kwa hasira. Nilimwona uso, alikuwa anatazama juu wadini.

Nami nikatazama. Maji yalikuwa yanakunja kona. Sikuyajua kuwa ni maji, maana hayakuwa na rangi ya maji: yalikuwa tope lililosimama wima, limebeba magogo, mlango wa mtu, na ngamia mzima miguu juu.

Bakhit akamrusha Amur kwa mkono mmoja. Nikamdaka kwa nywele na kanzu, nikamburura nyuma. Kisha akamsukuma Masouda kwa bega kwenye mizizi, na dada yangu akapanda, si kwa sababu ya kumwamini, bali kwa sababu mtoto alikuwa juu. Alimkanyaga kichwani kupanda. Bakhit akanyosha mikono miwili kushika mzizi uleule. Mmoja ukashika. Ule uliokatwa haukufumba, vidole vilibaki wazi, na maji yakampiga ubavuni akaondoka. Mghafu nao ukang'oka ukamfuata.

Masouda alikuwa amemlalia Amur juu ya changarawe, mundu bado umo mkononi, anatema damu. Ilinibidi nimshike kidevu, nimgeuze kwa nguvu ili ayatazame maji. Aliyatazama. Kisha akatazama mundu. Nilimwona anafahamu, na nisingependa kumwona mtu mwingine akifahamu jambo namna ile.

Bakhit aliokotwa alasiri ile, chini karibu na Ghubra, amejaa tope na mikwaruzo. Walimwosha wakamsalia, wakamzika kabla ya magharibi. Wanaume walisema mawe ya wadi ndiyo yaliyomchanachana, na wakamsifu: kijana ameokoa watu watatu. Bi Sayyida aliletwa kumwona kabla hajafunikwa. Nilisimama mlangoni, nikamwona anamshika mkono ule, anaugeuza, anaurudisha chini ya sanda.

Ami Marhoon alirudi Jumamosi, njia zilipopitika. Masouda alimweleza yote bila kuficha, kwa mdomo ule uliovimba. Ami akafunga mlango.

"Nani mwingine kaona?"

"Kheiria. Na mtoto."

"Basi khalas. Hakuna la kusemwa. Wadi limemuua."

"Nimemkata mie, ami."

"Na hata ungesema, nani atadai? Yule khadim wetu. Hana ukoo, hana kabila la kumsimamia. Umemtazama Amur? Kaa na mwanao, mshukuru Mungu."

Nilimheshimu ami yangu, alitulisha, alitufunika. Siku ile nilitamani ule upawa ungekuwa bado mkononi mwangu. Mtu katoa roho yake kwa mtoto wetu, na hesabu yake ikawa imekwisha kabla udongo wa kaburi haujakauka, kwa sababu alizaliwa na nani! Sisi, tuliotoka kwetu tunalia kwamba watu waliuawa kwa walivyozaliwa! Nilimwambia hivyo hivyo. Alinipiga kofi, na sikujuta.

Masouda alikwenda akamnawisha Amur uso, ijapokuwa ulikuwa safi, akamnawisha tena. Alijua vizuri anachokihatarisha. Pengine ni kweli hakuna mtu Ansab ambaye angedai. Lakini mama aliyefiwa hadai kwa kabila. Anaweza kungoja kwenye kona ya falaji na jiwe, mtoto akija na ndoo. Dada yangu alilijua hilo kwa sababu ndilo ambalo yeye mwenyewe angefanya.

Asubuhi yake akajifunga kanga akatoka, nami nikamfuata, Amur tukamwacha kwa jirani. Kibanda cha Bi Sayyida kilikuwa mwisho wa mitende. Wanawake waliokuwa wakimliwaza walituona, wakatupisha, wakidhani tumekuja kushukuru. Bi Sayyida alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyosha, tasbihi haimo mkononi wala machozi machoni. Masouda akapiga magoti mbele yake. Alikuwa na kawaida ya kumwekea kichwa mapajani; safari hii alikiweka chini, kwenye udongo.

"Mama, si mawe," akasema. "Mie ndiye niliyemkata. Alikuja kututoa, nikamkata kwa mundu, ndio maana hakuweza kushika."

Wale wanawake hawakuelewa. Hakuna aliyejua Kiswahili. Waliendelea na kahawa yao.

"Nnajua," alisema Bi Sayyida. "Jiwe halikati vile. Nikingoja nione kama utakuja au utanyamaza." Akavuta pumzi. "Hukumjua? Nambie hivyo. Nambie bunduki zilikutia wazimu, macho yakaingia kiza, ukaona mtu mwengine. Nambie, Masouda, nikuelewe. Alikwita?"

"Aliniita."

"Kwa jina?"

"Kwa jina langu."

"Na hukumjua mwanangu?"

Mimi nilimkanyaga dada yangu kisigino, kwa siri. Mlango wa kutokea alikuwa amekwisha funguliwa na mwenye msiba mwenyewe. Alitakiwa kusema sikumjua, tu, na labda angesamehewa siku ileile, na Amur angepita kwenye falaji ile maisha yake yote bila kugeuka nyuma.

"Nilimjua, mama," Masouda akasema. "Nilimjua sauti tangu yuko juu. Hata yule wa Unguja aliyekuja mlangoni kwetu nilimjua. Alikuwa jirani. Alikuwa akimbeba Muhsina mabegani. Alimwita Thabit kwa jina, akamwambia toka, na Thabit akamfungulia."

Sikuwa nimepata kulisikia hilo. Miaka minne tumelala blanketi moja.

Bi Sayyida akanyosha mkono, nikadhani anataka kumpapasa kichwa kama zamani; akamkamata nywele akamwinua uso, akamzaba kofi juu ya mdomo ule uliopasuka, la pili, la tatu, mpaka wanawake wakaacha vikombe na kuja kumshika. Masouda hakujikinga. Damu ilimchuruzika kwenye kanga.

"Mwachieni," Bi Sayyida aliwaambia kwa Kiarabu. Halafu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini:

"Ondoka, mwanangu. Ondoka sasa hivi, kabla sijamwombea mabaya mtoto wako. Ulimi ushafika hapo, nnauzuia kwa meno. Nenda."